Masika yakianza, mwanangu akae wapi?

Shikamoo Anti, na habari zenu wasomaji wote.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza, binti, ana miaka sita na yuko darasa la kwanza; mdogo wake wa kiume ana minne. Tunaishi Chanika, siyo pale stendi, ni ndani kabisa, unashuka daladala na kupanda boda. Tuna kishamba cha mihogo na mahindi, bondeni tunalima mchicha na matembele, na nafuga kuku wa kienyeji. Mume wangu ni fundi ujenzi, anatoka alfajiri kufuata kazi mjini na kurudi usiku. Shamba na watoto viko mikononi mwangu.

Shida yetu ni korongo lililo kati ya kwetu na shule. Kiangazi unalivuka bila kulowesha kandambili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yanashuka ghafla kutoka juu hata siku ambayo kwetu haijanyesha. Mtoto anaweza kuvuka vizuri asubuhi, mchana akirudi akakuta hapapitiki, na ng'ambo ile hatuna ndugu. Bodaboda wenyewe wanakataa.

Kwa hiyo masika yaliyopita, siku za mvua kubwa nilimbakiza nyumbani nikamfundisha. Sijasomea ualimu, nimeishia kidato cha nne. Lakini darasa la kwanza kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, nikavisoma kwenye simu usiku ili asubuhi nijue pa kuanzia.

Na amejifunza, Anti. Nyumba yetu ni ya bati na haina dari, mvua ikipiga husikii silabi hata mtoto akisoma kwa kupaza sauti. Tukaamua kuifuata mvua: ikimwagika tunaandika na kuhesabu, ikipungua tunasoma. Kujumlisha alikupata kwenye trei la mayai, lile la mashimo 30, mistari mitano ya mayai sita sita. Siku hizi akiona mistari miwili imejaa haanzi moja, anasema kumi na mbili na kuendelea. Kuku alipoanza kuatamia alichora vijumba 21 ukutani kwa mkaa, kila asubuhi anakata kimoja na kunitajia siku zilizobaki. Vifaranga walipoanza kutoboa maganda, alikuwa ameshajua kuhesabu kurudi nyuma bila mimi kumfundisha. Kuandika ndiko kulikotutesa, maana daftari linashika unyevu na penseli inachana karatasi, mpaka nilipopaka masizi kipande cha mbao tukatumia chaki. Mdogo wake nampa kunde na choroko zilizochanganyika azitenge, anatulia.

Sasa wifi yangu wa Mbagala anataka mtoto ahamie kwake moja kwa moja, kwa kuwa shule iko jirani naye. Mume wangu ameafiki. Mwanzo alitaka bweni, mpaka alipoambiwa kwamba tangu 2023 Serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wifi ni mtu mwema na amelea watoto wengi wa ukoo, simsemi vibaya. Ila ana genge sokoni, anatoka kabla hakujakucha, na binti yangu atashinda na watu asiowazoea. Miaka sita, Anti! Mwenyewe akisikia habari hiyo anakuja kunishika kanga haongei.

Upande wa shule, mwalimu mkuu aliniita. Alinieleza kwa upole kwamba Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria, na kwamba mahudhurio yakiendelea hivi atalazimika kupeleka jina langu kwa mtendaji. Namwelewa, ni kazi yake. Mimi sitaki kumtoa mtoto shule. Anawahitaji wenzake, na Kiingereza changu hakitoshi kumfundisha mtu. Ninachotaka ni kwamba siku korongo limejaa asome nyumbani, shule ijue anasoma nini, na asiandikwe mtoro.

Kuna jambo jingine. Majirani wawili wa upande wetu wameniomba niwachukue na watoto wao siku hizo. Moyo unataka, kwa sababu nao wanakaa tu wanachezea maji, jambo linalonitia hofu kuliko hata kukosa masomo. Lakini sitaki nionekane nimefungua shule bila kibali. Halafu masika ndiyo palizi ya mahindi, na mchicha nao unapanda bei kipindi hicho kwa kuwa bustani nyingi za mabondeni zinazama. Nikikaa na watoto asubuhi yote, shamba linaliwa na magugu. Nikiingia shambani kwanza, saa nne nimechoka na watoto wamechoka kunisubiri.

Mume wangu anataka tuamue kabla shule hazijafungwa Desemba, ili kama ni uhamisho ushughulikiwe mapema. Naomba ushauri wako na wa wasomaji, hasa walimu. Je, kuna mzazi aliyewahi kukubaliana na shule kwa maandishi kuhusu siku za mafuriko, na alianzia kwa mwalimu wa darasa au serikali ya mtaa? Nikikusanya watoto watatu wanne barazani kwangu, nitakuwa nimevunja utaratibu? Na kwa mume wangu niseme nini, nimwambie hapana bila kumvunjia heshima dada yake?

Mama Nasra,
Chanika, Dar es Salaam