Chaja kwanza, betri baadaye

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza ni betri gani ya kuchaji inayofaa hiyo tochi yako ndogo, tena ukataka jibu la neno moja. Halipo. Fungua kwanza kifuniko cha nyuma, toa betri iliyomo, usome ubavuni. Ikiwa ni AA, yenye urefu wa kama milimita 50 na unene wa 14, vizuri. Ikiwa ni AAA, ile nyembamba, ujue mapema kwamba haibebi hata nusu ya chaji ya AA, kwa hiyo usiilaumu ikizima mapema.

Nunua ya nikeli, inayoandikwa NiMH. Ina volti 1.2, na ya kawaida ya kutupa ina 1.5. Tofauti hiyo huwatisha watu bure. Ya kutupa huanza na 1.5 na kushuka tangu unapowasha. Ya nikeli hukaa kwenye 1.2 karibu muda wote, kisha huporomoka mwishoni. Faida yake ni mwanga usioyumba. Ubaya wake ni kwamba haikupi onyo: ukiona mwanga unafifia, zimebaki dakika chache, basi uwe na ya akiba mfukoni.

Usivutwe na namba kubwa. AA ya kama mAh 2000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ya aina inayotunza chaji, inaifaa tochi kuliko ya 2700. Aina hiyo ilienea baada ya Sanyo kutoa Eneloop mwaka 2005, na utaitambua kwa kuwa huuzwa ikiwa imeshachajiwa. Zile za namba kubwa kwa kawaida huvuja chaji zenyewe zikiwa zimelala tu, na huchoka mapema. Na tochi, kazi yake kubwa ni kulala kwenye droo. AA ya nikeli inayojidai kubeba 4000, hiyo ni wino tu.

Sasa chaja. Watu hutumia fedha nyingi kwenye betri kisha huokota chaja yoyote, na hapo ndipo betri zinapofia. Ukikuta chaja inayolazimisha betri ziwekwe mbili mbili na taa moja kwa kila jozi, iache. Umeme hupita kwenye zote mbili kwa mfululizo. Moja ikiingia na nusu ya chaji na mwenzake mtupu, ya kwanza hujaa mapema na kuendelea kupikwa ikisubiri ya pili. Chaja nzuri ina taa kwa kila nafasi, hukubali hata betri moja peke yake, na huacha yenyewe.

Inajuaje kwamba imejaa? Betri ya nikeli ikishajaa, volti zake hushuka kidogo sana, milivolti chache, na chaja huusikilizia mshuko huo. Ukichaji kwa mkondo mdogo mno, mshuko haujitokezi vizuri, chaja haiuoni, inaendelea kusukuma. Ndiyo maana kwa AA ya 2000 napendelea mkondo kati ya mA 500 na 1000, si 200, ingawa wengi huamini polepole ndiyo salama. (Polepole ni salama pale tu chaja inapohesabu saa na kukata.) Muda wake: gawa 2000 kwa 500, upate saa 4, kisha ongeza karibu saa moja, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto. Betri kuwa vuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika vidoleni, itoe.

Kuna siku chaja itakataa betri, taa ikipepesa tu. Mara nyingi tochi ilisahauliwa ikiwaka, volti zikashuka mno, na chaja haitambui kama kuna betri. Iweke kwenye ile chaja ya kijinga ya mbili mbili niliyoisema hapo juu, pamoja na nyingine ya aina ileile, kwa dakika 10, kisha uirudishe. Isipopokea hata hapo, imekwisha.

Jihadhari na 14500. Ina umbo lilelile la AA, lakini ni ya lithiamu: volti 3.7, na 4.2 ikijaa. Tochi iliyotengenezwa kwa volti 1.5 tu inaweza kuungua papo hapo. Iweke pale tu maelezo ya tochi yanapotaja 14500 au yanapofika volti 4.2. Chaja yake nayo ni nyingine. Ukiweka ya nikeli kwenye chaja ya lithiamu pekee, chaja itangoja volti 4.2 ambazo betri ile haifiki kamwe, na itaisukuma mpaka ivuje. Zipo chaja zinazopokea aina zote mbili. Soma maandishi kwenye kila nafasi. Na betri ya kutupa usiichaji kabisa.

Kama tochi inatumia mbili, ziandike kwa kalamu, A na A, zisitengane: zitumie pamoja, zichaji pamoja. Ukichanganya kuukuu na mpya, iliyo dhaifu huisha kwanza, na mwenzake huilazimisha kugeuka, chanya ikawa hasi. Hapo imeharibika.

Tazama pia ile springi ya ndani. Ukikuta unga mweupe, betri ya kutupa ilivujia humo. Futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha vizuri, ndipo uweke mpya. La sivyo utaibadilisha betri mara tatu na tochi bado itapepesa.

Ukishaifungua, niandikie volti zilizoandikwa ndani ya kifuniko au kwenye karatasi ya maelezo, nikuambie kama 14500 inaingia au la.

Wako,
rafiki yako