YAH: KUKATIZIWA TIBA YA KIBOFU NA KUDHALILISHWA DIRISHANI

Meneja wa Tawi,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa ofisini kwenu mimi sikuipata.

Kibali cha bima kulipia tiba yangu ya kibofu mlikitoa wenyewe, cha wiki zote 12. Tiba imefika katikati mmekifuta, na sababu mliyonitumia kwenye simu ni "masaji". Masaji gani? Mtaalamu wa fiziotherapia ananibandika vibandiko viwili, kimoja nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, kingine juu kidogo ya hapo, umeme mdogo unapita nusu saa mpaka kidole gumba kinacheza chenyewe. Neva ile ya mguuni inatokea chini ya uti wa mgongo, kunakotokea pia neva za kibofu, ndiyo maana mguu unachochewa na kibofu kinatulia. Daktari wenu mshauri halijui hilo? Vidonge nilianza navyo, vikanikausha mdomo na kunifunga choo. Faili mnalo.

Nilipokuja kuuliza, kijana wa dirishani alisema kwa sauti: "Mama, si wewe wa mkojo? Bima hailipii masaji ya miguu. Nunua pampasi." Benchi zima likageuka. Wateja wangu wa mawese walikuwepo.

Nilikuwa nimeanza kulala usiku kucha! Sasa simalizi kupima dumu moja la mawese bila kukimbilia chooni.

Wala hakuteleza ulimi. Nilimwomba apunguze sauti. Akaniangalia usoni, akarudia: "Pampasi, mama, duka la dawa hilo hapo mkabala." Mwenzake akacheka huku anagonga muhuri. Kijana wa kumzaa mimi, ananitangazia ugonjwa wangu mbele za watu.

Nilikuja nikitaka kibali tu. Sasa hakitoshi. Tiba ianze upya kwa gharama yenu, nirudishiwe nilichotoa mfukoni, na niombwe radhi kwa maandishi. Na kijana huyo aniombe radhi palepale dirishani, watu wakiwa wamekaa.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii inakwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakamani nitafika hata kwa kuuza mashine yangu ya kukamulia mawese. Kikundi chetu mlichokuja kukishawishi kijiunge nanyi nitakisomea barua hii neno kwa neno, kabla hakijatoa hata shilingi.

Mteja wenu,
Mfanyabiashara wa mawese, Mwanga, Kigoma.