Barua kwa somo yangu wa Mbagala: nikinunua kitu, kiwe changu

Mtanda, Lindi
17 Agosti 2025

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Bahasha uliyompa kondakta wa basi ilinifikia Jumanne jioni ikiwa salama, pamoja na zipu na gurudumu la uzi mweusi, nami nakushukuru sana kwa kunikumbuka. Huku sote tu wazima. Mama anakusalimu, na magoti yake yamepata nafuu tangu kipupwe kilipoanza kulegea.

Umeniandikia kwamba umempata mtu Kariakoo anayeweza kunitolea simu kubwa na cherehani ya kisasa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na ukaniuliza kwa upole kwa nini mpaka leo natumia kitochi na cherehani ya miguu, ilhali mafundi wenzangu wa mtaa huu wamekwishabadilisha. Najua umeniuliza kwa mapenzi, na ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa ujumbe wa maneno matatu. Nimekaa na karatasi baada ya swala ya isha ili nikueleze vizuri, kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Kwanza nakuomba usinidhanie kuwa nimechukia mambo mapya. Wewe na mimi tulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tukalala njiani na watoto migongoni, na tunajua jinsi fedha ya ada ilivyokuwa ikitumwa Dar es Salaam ndani ya bahasha iliyoshonwa kwa uzi, mkononi mwa mtu ambaye hukujua kama atafika. Huduma za pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mzigo huo ulitutoka. Kitochi changu kinapokea fedha, kinalipa umeme, kinanipa sauti yako, na usiku kinanimulikia njia ya uani. Sina neno baya juu ya hayo. Ninachokikataa ni kitu kimoja tu: kuuziwa kitu kwa fedha yangu, nikakibeba mpaka nyumbani, kisha nikagundua kwamba aliyekiuza hajakiachia.

Chukua cherehani ya mama, ile yenye chapa ya kipepeo, ambayo aliinunua mwaka 1978 kwa fedha ya korosho. Naifahamu kama ninavyofahamu kiganja changu. Kila Ijumaa asubuhi naitoa bamba la chini ya sindano kwa bisibisi ndogo, nasugua vumbi la vitenge lililojisokota pale bobini inapokaa, nadondosha mafuta matone mawili katika kila tundu, kisha nazungusha gurudumu kwa mkono mara kumi bila uzi na kusikiliza. Ikilia sauti kavu, najua ni wapi inasugua. Mkanda wake wa ngozi umekatika mara nyingi, na kila mara nimetoboa matundu mapya kwa msumari uliochemshwa motoni na kuuunga tena kwa pini ya chuma, kazi ya dakika ishirini. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba kifaa fulani cha ndani hakiuzwi.

Nilichokuficha mpaka leo, somo, ni kwamba mwaka juzi nilijaribu. Nilinunua mashine ya umeme yenye kioo na mishono sitini, kwa fedha taslimu niliyoipata kwa kushona sare za ngoma za unyago wa nyumba tatu, na kwa miezi saba nilifurahi nayo kweli, kwa sababu ilidarizi maua kwa nusu saa pale ambapo mkono wangu ungechukua siku nzima. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na asubuhi kioo hakikuwaka. Fundi alifungua kifuniko mbele yangu akanionyesha bodi ya kijani, ndogo kuliko kitambulisho cha taifa, yenye doa jeusi pembeni. Chuma chote kilikuwa kizima: sindano, mguu, mota, hata ule mkanda wa mpira. Tulimpigia aliyeniuzia. Alijibu kwamba bodi haiji peke yake, na kwamba afadhali ninunue mashine nyingine kwa sababu toleo lile halitengenezwi tena. Miezi saba! Mashine yenyewe ipo chini ya meza yangu imefunikwa kanga, na kila nikiinama kuokota pini naiona, na naumia kila mara.

Kijana wangu anayesoma umeme pale VETA alinikuta nimekaa nayo nikilia, na badala ya kuniambia ninyamaze alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Alisema mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa globu za umeme walikutana Geneva na kukubaliana kwamba globu zao zisiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa walikuwa na uwezo wa kutengeneza za kudumu zaidi, na kiwanda ambacho globu zake zilidumu kupita kiwango hicho kilitozwa faini. Umoja ule uliitwa Phoebus. Kwa hiyo mambo haya yana umri wa zaidi ya miaka mia moja, na yalianza kwa kitu kidogo tu kinachoning'inia darini. Alinieleza pia kwamba Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kuwa programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa, ikasema lengo ni zisizime ghafla. Sababu hiyo inaweza kuwa ya kweli, na mimi si fundi wa kuikanusha. Lakini mwenye simu hakuwa ameambiwa. Aliona simu yake inasuasua akadhani imezeeka, akaenda kununua nyingine, kumbe betri mpya ingeirudishia nguvu zake. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, kwa sababu mtu amefanywa mgeni katika mali yake mwenyewe.

Kilichonipa moyo katika mazungumzo yale ni kwamba wapo waliokataa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la kuchajia la aina moja, na kuanzia Februari 2027 vifaa vingi viwe na betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa na kuzibadilisha. Nilimwambia kijana wangu kwamba sisi wa kitochi tulikuwa na jambo hilo tangu zamani. Unafungua mgongo kwa ukucha, unatoa betri, unaweka nyingine, na ile betri ya zamani ya Nokia 1100, BL-5C, hata leo naitumia kwenye redio ndogo ya mama.

Sasa nije kwenye mkopo, maana ndio ulionitafutia, na ndio unaonitisha kuliko yote.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alichukua simu ya mkopo Julai mwaka jana kwa ajili ya biashara yake ya vitumbua na samosa. Alilipa kianzio cha shilingi 60,000 na kukubali kutoa shilingi 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Keti uzihesabu kama nilivyozihesabu mimi kwenye karatasi ya kukatia kola: siku 365 ni shilingi 547,500, ukiongeza kianzio ni shilingi 607,500, kwa simu ambayo dukani, kwa taslimu, ilikuwa shilingi 370,000. Nilimwonyesha. Alinijibu kwamba shilingi 370,000 hana na 1,500 anayo, na jibu hilo sikuweza kulipinga, kwa sababu ndivyo maskini anavyolipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kilekile.

Alilipa siku 270 bila kukosa hata moja. Mwishoni mwa Aprili mtoto wake wa mwisho alilazwa kwa malaria, mvua ilikuwa kubwa, vitumbua havikuuzwa, na siku ya nne bila malipo simu ilijifunga. Nilikuwa naye alipoiokota mkekani. Kioo kizima kilikuwa na maandishi ya kudai na namba ya kulipia, basi. Picha za watoto hazifunguki, oda za wateja hazionekani, hata namba ya shangazi yake wa Nachingwea hakuweza kuipata. Wakati ule alikuwa amekwishatoa shilingi 465,000, yaani karibu laki moja zaidi ya bei ya taslimu. Aliigeuza geuza mkononi kama mtu anayejaribu kumwamsha aliyezimia. Tulichanga mimi na mama, ikafunguka siku ya tatu, lakini tangu siku hiyo wifi haiiti tena "simu yangu". Anaiita "simu yao". Nasikitika kuandika hivyo, na sitaki na mimi nianze kuiita cherehani yangu cherehani yao.

Utaniuliza vipimo vya wateja nitaviweka wapi bila simu kubwa. Ninavyo kwenye daftari, somo, daftari la tano sasa, lenye jalada gumu: jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni, na pembeni nimechora shingo aliyoitaka. Unakumbuka Mei 2024, baada ya upepo wa kimbunga Hidaya, barabara ya kuja huku ilipokatika Somanga na malori yakakwama? Kabla hatujapumua, tarehe 12 mwezi huohuo intaneti nayo ikapotea, kwa sababu nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilikuwa zimekatika huko kusini. Jirani yangu aliyeweka vipimo vyote na picha za mishono kwenye mtandao alikaa na vitambaa vya arusi mapajani hajui akate wapi. Alikuja kwangu akaniomba nimsaidie, kwa sababu wateja wake wawili waliwahi kushona kwangu, na tukavikuta vipimo vyao ukurasa wa daftari la tatu, umelowa chai kidogo lakini unasomeka.

Nikutolee na mfano mzuri, nisije nikaonekana mlalamishi tu. Mwaka jana tulipotakiwa kuboresha mita zetu za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla, nilikuwa wa kwanza kunung'unika. Nililetewa namba za makundi matatu, kila kundi tarakimu ishirini, nikasimama ukutani nikibonyeza huku mama akinisomea kwa sauti kutoka kwenye kitochi, tukakosea, tukaanza upya. Baadaye kijana alinieleza kwamba mita za namna hii, si za Tanzania peke yake, zilikuwa zikihesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ingejaa tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo isingeboreshwa isingepokea umeme mpya tena. Niliposikia hivyo manung'uniko yaliisha. Kitu kilikuwa na mwisho, watu wakatangaziwa mapema, kila mtu akapewa namba za kukifufua bila kulipia mita mpya, na mita yangu ileile inaendelea kufanya kazi. Kumbe inawezekana kufanya hivyo. Basi kwa nini yule aliyeniuzia mashine hakuweza kuniletea bodi moja ya kijani?

Msimu wa korosho unakaribia, na wewe unajua Lindi inavyokuwa malipo yakishaingia. Wauzaji watakuja na sabufa, friji na runinga bapa, na ifikapo masika nusu ya vitu hivyo vitakuwa vimekufa au vimeuzwa kwa bei ya kutupa. Huwa nawaona wateja wangu wakiviuza ili wanilipe madeni ya nguo. Siwalaumu, kwa maana kutamani nyumba yenye mwanga na muziki ni haki ya kila mtu. Ninachotaka ni wauziwe vitu vinavyofika mwaka wa pili.

Kwa hiyo, somo yangu, mkopo sitauchukua, na tafadhali mwambie huyo mtu wa Kariakoo asiandike jina langu mahali popote. Simu nitanunua, kwa sababu wateja wa vijijini wananitaka niwatumie picha na sitaki kuwapoteza, ila nitainunua kwa taslimu baada ya sare za Novemba, na naomba unisaidie kuuliza mambo matatu kabla hatujatoa fedha: kama kioo chake kinapatikana kwa mafundi wa kawaida, kama betri yake inabadilishwa na kwa bei gani, na kama itafanya kazi ileile siku ambayo sitakuwa na salio la intaneti. Muuzaji akikwepa swali lolote kati ya hayo, ondoka dukani.

Kuhusu cherehani, usihangaike kutafuta nyingine. Pita kwa yule mzee anayeuza spea za mashine za zamani uninunulie bobini tano za chuma, zisiwe za plastiki, pamoja na chupa moja ya mafuta na mkanda wa ngozi wa akiba, kisha umpe kondakta yuleyule. Fedha nakutumia kesho asubuhi. Na ukimwona fundi yeyote wa bodi huko anayekubali kujaribu, niandikie. Nitaifunga ile mashine kwenye boksi na kukuletea mwenyewe, maana sijakata tamaa nayo.

Msalimie shemeji na watoto wote. Mama anasema anasubiri mje Idi.

Wako akupendaye,
Somo wako wa Lindi