Salim mwanangu, lile joto halimo kwenye kifungu

Assalam alaykum. Sisi huku wazima, shangazi yako anakusalimu na bado anadai picha yako ukiwa kwenye theluji huko Columbus.

Kile kifungu cha mazoezi ulichonitumia, cha sehemu ya kusoma na kufahamu ya MCAT, huo mtihani wako wa kuingia chuo cha udaktari huko Marekani, nimekisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu mkononi. Nimestaafu, mazoea hayajastaafu. Mwandishi analalamikia maghorofa ya vioo. Swali likauliza kinachomuudhi hasa ni nini, nawe ukachagua jibu la kwamba majengo hayo hukusanya joto. Nilicheka peke yangu. Hilo joto umelitoa Mombasa, baba! Limo dukani kwa babako saa nane mchana, nyuma ya kile kioo cha mbele. Kwenye kifungu halimo. Mwandishi kasema ghorofa la kioo halina uso: ukisimama barabarani hujui mlango uko wapi wala ndani mna nani. Tena aya ya tatu amekiri kwamba kioo huleta mwanga mzuri, kisha ndipo akaja na "lakini" yake. Wewe hiyo "lakini" umeipita kama matatu iliyojaa inavyopita stejini.

Jibu lako ni la kweli, na bado umekosa.

Miaka niliyosahihisha karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, zile alama 15 za ufahamu niliziona zikipotea hivi hivi. Mara nyingi aliyezipoteza hakuwa mtoto mzito wa kichwa, alikuwa mjuzi. Kifungu kikiwa cha ufisadi, mtoto anayejua mengi juu ya ufisadi huacha kusoma akaanza kuhutubia. Nawe umesomea baiolojia miaka minne, mahali ambapo unachokijua ndicho kinachokuokoa. Sehemu hii ya MCAT imekunyang'anya silaha hiyo makusudi: vifungu ni vya sanaa, falsafa, historia na mambo ya jamii, na huhitaji kuwa umewahi kuvisomea. Hata yale maswali yanayokupa habari mpya na kuuliza kama hoja ya mwandishi itasimama au itayumba, unapima hoja yake, si yako.

Unasema unasoma mbio kwa sababu ya muda. Vifungu 9, maswali 53, dakika 90. Nimepiga hesabu, ni dakika 10 kwa kila kifungu pamoja na maswali yake. Ni kidogo, sikatai. Ila naona mbio hizo ndizo zinazokula muda wako, maana kila swali linakurudisha juu kutafuta upya ulichokwisha kukipita. Jaribu dakika nne za kusoma kwa utulivu, uone kama sita zilizobaki hazikutoshi.

Pengine kosa ni letu. Ulihitimu juzuu ukiwa mdogo, sauti ikasifiwa mtaa mzima, ukazoea kwamba msomaji hodari ni yule asiyekwama. Kwa kisomo ndivyo. Kwa mtihani huu nataka ukwame. Kwama kwenye "lakini" kwa sura zake zote za Kiingereza. Kwama mwandishi anapoeleza wasemayo wengine, kwani mara nyingi anataka kuwapinga, na mtahini atayachukua maneno ya hao wengine ayaweke kwenye chaguo B kukunasa. Jibu lenye "daima" au "kamwe" litazame kwa jicho la pembeni, ila usilitupe kabla ya kurudi kwenye kifungu, maana wako waandishi wakali kweli. Na usiache swali wazi, kosa halikatwi alama.

Babako anasisitiza usome magazeti. Soma, hayatakudhuru. Dawa ninayoiamini mimi ni muhtasari, ule uliouchukia tangu kidato cha pili. Ukimaliza kifungu, kifunike, uniandikie sentensi mbili: mwandishi anadai nini, na anabishana na nani. Niandikie kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza utaninakilia maneno yake mwenyewe ukadhani umeyaelewa. Kwa kile cha vioo ungeniandikia tu kwamba jengo lisilo na uso ni kama jirani asiyeamkia watu, ningejua umefika. Kisha uwe na daftari la makosa. Kila ulilokosa, andika mstari wa kifungu uliopaswa kulijibu. Ukitafuta mstari wa kukuunga mkono wewe na usiuone, andika "joto la Mombasa" na tarehe. Nataka kuona mwezi huu yatakuwa mangapi.

Anza na kifungu kingine leo usiku wako, nitakikuta nikiamka kuswali alfajiri. Na lile koti lililochanika mkono, usilishone kwa uzi mweupe.

Mamako