Tiba ya aliyebakwa isiishie kwenye vidonge

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku visiwani Lamu, Kenya, hutajwa kwa kunong'ona. Mimi ni muuguzi wa miaka mingi, na nimewapokea wanawake waliobakwa huku kanga zao zingali na mchanga wa ufuoni. Ya mwanzo tunayajua: apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla ya saa 72 kupita, azinywe kwa siku 28, apewe kinga ya mimba, ijazwe fomu ya huduma baada ya ubakaji, kisha ile ya P3 ya polisi, inayoandikwa majeraha kwa ajili ya kesi. Vidonge vikiisha, faili hufungwa bila tiba ya kisaikolojia, na hapo ndipo penye lalamiko langu.

Nilimfuatilia mama mmoja, ambaye baadhi ya habari zake nimezibadilisha ili asitambulike. Alishambuliwa karibu na maegesho ya boti. Majeraha yalipona, lakini kila aliponusa petroli mikono ilimtetemeka na koo likamkauka. Akaandikiwa rufaa ya kwenda kwa mshauri nasaha ng'ambo ya maji, na kwetu mtu havuki ila kwa boti ya injini. Alikwenda mara moja, akitapika njia nzima. Chumba alichopewa kilitenganishwa na foleni ya dawa kwa pazia, akawa anajibu maswali kwa kutikisa kichwa tu. Hakurudi tena, na daftarini akaandikwa "hakufika", kana kwamba ni uvivu.

Wazee hutuhimiza stara, nami sipingi, maana nimelelewa nayo. Ila mara nyingi naona anayesitiriwa ni yule aliyetenda.

Tena watu huchanganya tiba ya kisaikolojia na nasaha za jamaa. Shangazi humwambia, "Sahau, mwanangu, ni mitihani ya Mungu," naye husema kwa mapenzi, lakini mgonjwa hasahau. Mtaalamu hamtaki asahau, wala hamlazimishi asimulie yote siku ya kwanza, desturi ambayo hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri isitumiwe. Humsaidia kulishika wazo lililomganda, kwa mfano "lau nisingalitoka baada ya magharibi yasingalinipata", alitamke, kisha alipime: njia ile ameipita mara ngapi kwa salama, na ni nani hasa aliyetenda? Kazi hiyo huchukua vikao kadhaa, kwa kawaida kumi na viwili, na mgonjwa hupewa mazoezi ya kufanya nyumbani.

Najua nitaambiwa kwamba hayo ni ya hospitali kubwa zenye wataalamu wa saikolojia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifanywa katika vijiji vya Kivu, mashariki mwa Kongo, eneo lenye vita na lenye wasemaji wengi wa lugha yetu hii. Wahudumu wenyeji, wasio na shahada za saikolojia, walifunzwa mbinu hiyo na kuiendesha kwa vikundi vya wanawake waliotendewa ukatili wa kingono, chini ya usimamizi wa wataalamu. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona, wasiwasi mkubwa au vyote viwili walikuwa asilimia 9. Katika vijiji vilivyopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42.

Sisi tuna somo, mwanamke anayekabidhiwa siri za mwari na asizitoe. Sisemi kila somo ageuzwe mtaalamu kwa semina ya siku mbili yenye chai na bahasha, lakini miongoni mwao wapo wanaofaa kufunzwa ipasavyo, kusimamiwa na kulipwa, mmoja Faza, mmoja Siyu, mwingine Kiunga, ili tiba ivuke maji badala ya mgonjwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kwamba gharama za matibabu na ushauri wa kitaalamu kwa mwathiriwa ni za serikali, kwa hiyo haliombwi jambo la hisani hapa.

Zahanati ninayofanyia kazi ina stoo yenye mlango wa mbao na kitasa kizima. Nimeomba kwa barua mbili makatoni yaliyojaa humo yahamishwe na viti viwili viwekwe. Bado nangoja jibu, na yule mama bado havuki.

Muuguzi,
Lamu Mashariki