Fleti au hoteli? Tuambie kwanza mnakuja wangapi

Sisi tunapangishia wageni malazi ya ufukweni Unguja, Zanzibar. Likizo za shule zikikaribia, simu zetu nyingi huanza hivi: "Kaka, fleti Paje usiku mmoja bei gani? Na hoteli je?" Zamani tulitaja bei zote mbili, mteja akachukua ya chini, basi. Tumeona watu wakijutia uamuzi huo wakiwa wameshafika, na safari ya familia huwa imewekewa akiba mwaka mzima. Ndiyo maana siku hizi kabla hatujataja bei tunauliza: mko wangapi, mnalala siku ngapi, na nani atapika?

Hesabu kubwa iko kwenye chakula. Hoteli nyingi za ufukweni, bei ya chumba inabeba chai ya asubuhi tu. Cha mchana na cha usiku unalipia kwa bei ya mgahawa wa watalii. Mkiwa wawili kwa siku mbili, hilo halina shida. Lakini baba, mama, watoto watatu na bibi yao, kwa siku tano, hizo ni sahani 60. Chukua bei ya sahani moja uzidishe, halafu ndiyo uilinganishe hoteli na fleti.

Kwenye fleti yenye jiko, mambo ni mengine. Jambiani, ngalawa zikirudi, unashuka pwani na beseni lako, unachagua samaki, changu au tasi, angali na utelezi, unapatana bei hapo hapo mchangani. Nazi, mchele, nyanya na vitunguu vipo maduka ya kijijini. Nyama, matunda ya kutosha na nepi za mtoto ni bora ununue soko la Darajani kabla hujatoka mjini, maana kutoka Mji Mkongwe hadi Paje ni kama kilomita 50, na hutapenda kurudi kwa ajili ya nepi. Ramadhani ndiyo fleti inakufaa zaidi: migahawa mingi hufungwa mchana, nanyi mnapika futari na daku kwa wakati wenu. Hata asiyefunga anaweza kumlisha mtoto ndani bila kuwakwaza wenyeji.

Hata hivyo, mama naye amekuja kupumzika. Tumewahi kumkuta mteja wetu siku ya tatu hajakanyaga maji, yuko jikoni tangu alfajiri. Kama nyumbani kwenu mzigo wa jiko ni wa mtu mmoja, ama mchukue hoteli, ama mtuambie tuwatafutie mpishi wa kijijini. Mlipeni vizuri, mtakula pweza wa nazi ambaye hata hotelini hamtampata.

Sasa umeme na maji, ambavyo kwenye picha havionekani. Miaka michache nyuma tuliipangishia familia moja kutoka Dodoma fleti ya mtu mwingine, nzuri kwa macho. Saa tano usiku TUKUZA ikaisha. Bara mnaiita LUKU, ni kitu kile kile. Namba ya mita ilikuwa ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, mwenye nyumba hapokei simu, feni zimesimama, mtoto mchanga analia kwa joto. Tulifika saa saba tukawahamishia kwingine. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza. Tangu siku ile hatumpangishii mtu nyumba ambayo hatujaijua namba ya mita, na tunaingiza uniti wenyewe kabla mgeni hajafika.

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waliokuwepo wanakumbuka ulivyokatika kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hali sasa ni nafuu sana, ila kukatika kwa saa chache kupo. Hoteli nyingi huwasha jenereta; fleti nyingi hazina. Maji nayo: visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvi, na nyumba hutegemea tangi. Tangi la lita 1,000 kwa watu sita wanaojisuuza kila wakitoka baharini linaisha kama siku mbili. Uliza linajazwa lini na nani.

Kuna jambo wageni wengi hawalijui mpaka wafike. Huko mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa, bahari inaondoka mbali kweli, unabaki kuwaona kina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Watoto waliokuja kuogelea watakaa saa kadhaa wakisubiri. Ukitaka upande huo na watoto, hoteli yenye bwawa ina maana kubwa, au fleti zenye bwawa la pamoja. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, unaweza kuogelea karibu wakati wote.

Kwa maoni yetu, usiku mmoja au miwili, au maharusi, au mmekuja na mzee anayehitaji kuangaliwa usiku, nendeni hoteli. Kuanzia watu wanne na siku nne, fleti. Popote mtakapochagua, msitume hela yote kwa mtu mnayemjua kwa picha tu. Mwambieni apige simu ya video, atembee hadi jikoni, awashe jiko, afungue bomba mkiona, na aonyeshe leseni ya Kamisheni ya Utalii. Mwenye nyumba wa kweli hatachukia.

Ukituandikia, taja tarehe na idadi yenu pamoja na umri wa watoto. Tutakujibu na bei, na saa ambazo maji yatakuwa yamejaa siku hizo.