Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Marekani: Msiviache vituo vya biashara ya kimataifa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Ndiyo lugha ninayofundisha hapa nchini kwako, na wapo Wamarekani wa kukusomea barua hii ambao serikali yao iliwalipia kuijua lugha hii.

Mwaka 1988, bidhaa za Japani zikiwa zimewatia hofu Wamarekani, Kongresi ilipitisha sheria ya biashara na Rais Reagan akaitia saini. Humo ndimo vilimozaliwa Vituo vya Elimu ya Biashara ya Kimataifa vyuoni, vikitakiwa kufundisha biashara pamoja na lugha, na kuwasaidia wafanyabiashara wa maeneo yao kuuza nje. Na si fedha za bure: mwaka wa kwanza serikali hulipa isiyozidi asilimia 90 ya gharama, wa pili 70, na kuanzia wa tatu chuo hubeba nusu. Vituo viliwahi kuzidi 30. Ruzuku za 2022 zilikuta vimebaki kama nusu. Machi 2025 wizara yako ikawapunguza kazini watumishi wa ofisi iliyokuwa ikivisimamia.

Nina mwanafunzi wa biashara. Siku ya zoezi la kununua vitu alinijia moja kwa moja: "Bei gani?" Nikanyamaza. Akarudia, akapandisha sauti. Nikamwambia atoke, abishe hodi, aniamkie, aniulize za nyumbani. Alitoka na kurudi mara tatu. Safari ya mwisho akasema, "Shikamoo mwalimu, za tangu juzi?", akatulia kungoja jibu. Nikampunguzia bei kabla hajaomba.

Hilo halimo katika vitabu vyake vya uhasibu, nalo lina thamani ya fedha. Shaba na kobalti ya Katanga, kusini mwa Kongo, ambayo nchi yako inaitafuta sana, husafiri kwa malori kutoka Lubumbashi hadi bandari ya Dar es Salaam, na Kiswahili kinasemwa huku na huko: kwa dereva, kwa wakala wa forodha, kwa mama anayewapikia wali mpakani. Wachina wanakifundisha vyuoni mwao tangu miaka ya 1960.

Naomba ofisi ile irudishiwe watu wanaoijua kazi, na vyuo vitangaziwe ruzuku mapema. Chuo kikikosa uhakika wa fedha, mwalimu wa lugha ndiye wa kwanza kuondolewa, na akishaondoka darasa lake halifunguliki tena ndani ya muhula mmoja.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili, Marekani